Sindano za moto usoni: tupime kwanza, kisha tufungue kashe ya likelemba

Mama moja wa Rubaya alikuja mbele ya komite yetu siku ya likelemba, kitambaa kimefunika mashavu yote mawili. Bwana yake anachimba koltani, na kila juma anaweka pesa katika kashe yetu kama wengine. Mama alitoa telefone, akatuonyesha picha mbili: uso wenye mashimo na madoa upande huu, uso laini kama wa mtoto upande ule. Fasi moja ya kutengeneza urembo katika muji walimwambia iko na mashini ya sindano ndogo zenye moto. Dola 150 kwa mara moja, na inafaa kurudia mara tatu. Alikuwa anaomba tumkopeshe dola 450.

Katika komite watu wawili walicheka. Walikosea. Kashe ile imeshazika watu, imeshalipa kupasuliwa kwa mama wajawazito, imeshanunua sahani za matanga, na dola 450 ni pesa mingi kwetu. Lakini mama hakuja kwa kujiremba tu. Aliondoa kitambaa, na wote tukanyamaza. Mashavu yake yalikuwa na rangi ya bulubulu na nyeusi, kama mutu aliyechomwa na baruti. Alisema: «Papa Prezida, mimi sitaki kuwa mweupe tena. Nataka tu uso yangu irudi.»

Tuliomba majuma mawili ya kuuliza. Tuliuliza waganga wa sante, tulisoma, tulipigia simu watu wetu walioko mbali. Tunaandika hapa yale tuliyopata, juu mama huyu hayuko peke yake. Kutoka Rubaya mpaka Mubi na Ndjingala, picha zile zile zinazunguka katika telefone za vijana wetu.

Mashini yenyewe si uongo. Ni kichwa kidogo chenye sindano nyembamba sana, zinazoingia ndani ya ngozi milimita chache tu, na kwenye ncha zake unapita umeme wa mawimbi ya redio unaotoa joto. Ngozi inapochomwa hivyo kwa chini, inajitengeneza upya na kutoa kolajeni, ile nyuzi inayoshikilia ngozi ikae imara. Ni kama wakati tunapoondoa udongo mulegevu kwenye ukuta wa shimo, tunaushindilia upya ili ushike. Wazo la sindano bila umeme lina mizizi hapa kwetu Afrika: daktari Desmond Fernandes wa Cape Town ni mmoja wa wale waliolianza katika miaka ya 1990, kwa kutumia kagurudumu kenye sindano. Umeme uliongezwa baadaye. Na tukisema kweli, wazee wetu pia walichanja ngozi kwa wembe na kuingiza dawa. Si jambo geni kabisa.

Faida yake iko. Kwa mutu mwenye mashimo yaliyoachwa na chunusi, au mikunjo, mashini hii inaweza kupunguza alama, na watu weusi wanaipenda kwa sababu moja ya haki: laser nyingi zinatafuta rangi nyeusi ya ngozi na kuichoma, lakini joto la sindano hizi linatoka chini, halifuati rangi sana. Kijana wa shimo mwenye uso uliojaa mashimo ya chunusi, akiwa na pesa yake na daktari wa ngozi wa kweli, hatuna neno la kumukataza. Anaona haya mbele ya watu, na hiyo haya ni maumivu pia.

Sasa upande mwingine. Mwezi wa kumi 2025, serikali ya Marekani, kupitia ofisi yake ya FDA inayosimamia madawa na mashini za hospitali, ilitoa onyo juu ya mashini hizi. Walikuwa wamepokea malalamiko ya watu walioungua, waliobaki na makovu, waliopoteza mafuta chini ya ngozi hata uso ukabonyea, walioharibika sura, na wengine mishipa ya fahamu iliumia. Wengine walilazimika kupasuliwa ili kurekebisha. Ofisi ile ilisema wazi kwamba hii ni kazi ya tiba, si ya kufanyia nyumbani. Kama hayo yanatokea kule, wenye madaktari wa ngozi kila muji, tujiulize fasi ambapo aliyeshika mashini jana alikuwa anasuka nywele.

Kuna mambo matatu yanayotugusa sisi zaidi kuliko watu wa Marekani. Kwanza, wengi wetu tuko na ngozi inayofanya kovu la kuvimba, lile linaendelea kukua hata kidonda kimekwisha kupona. Mutu mwenye historia hiyo kifuani au masikioni, sindano za moto zinaweza kumuongezea kile anachokimbia. Pili, sindano inaleta damu. Ikitumiwa kwa mutu huyu kisha yule, inabeba ugonjwa wa ini wa B, inabeba SIDA. Kichwa cha sindano kinapaswa kufunguliwa mbele ya macho yako, kikiwa kipya katika karatasi yake, kisha kutupwa. Na ule mugurudumu wa sindano unaouzwa sokoni, dada wanne wanatumia mumoja: hapana, hata kwa bure. Tatu, baada ya kuchomwa, uso unabaki mwekundu na wazi kwa siku kadhaa, haupaswi kupigwa na jua wala uchafu. Nani kati yetu anaweza kukaa mbali na jua, vumbi na maji ya matope? Mama anayesafisha mawe mutoni, bwana anayetoka shimoni amejaa udongo mpaka kwenye nyusi? Kidonda kidogo katika matope yetu hakikai kidogo.

Lakini kwa mama wa Rubaya, swali kubwa halikuwa mashini. Madoa yale yalitoka wapi?

Alituletea makopo. Alikuwa amejipakala pomadi za kubadilisha ngozi miaka sita. Mwanzoni ilimpendeza, watu walimusifu, bwana yake alinunua mwenyewe kila akipata pesa ya koltani. Kisha mashavu yakaanza kuwa meusi. Akaongeza pomadi ili kuondoa weusi, na weusi ukazidi. Muganga alitueleza jina la hali hiyo: okronozi. Inaletwa na hidrokinoni, dawa iliyo katika pomadi nyingi za kuchubua. Iliandikwa na madaktari wa Afrika Kusini tangu mwaka 1975, walipoona wanawake wengi wenye uso wa namna hiyo, na mwaka 1990 nchi ile ilikataza hidrokinoni katika mafuta ya ngozi. Rwanda, jirani yetu hapa, ilianza kukamata pomadi hizo madukani kwa nguvu mwishoni mwa 2018. Bidhaa zilizofukuzwa upande moja wa mupaka zinatafuta soko upande mwingine, na sisi ndio upande mwingine.

Dawa ya pili katika makopo ni klobetazoli. Ni dawa ya kweli ya hospitali, kwa ugonjwa wa ngozi, kwa muda mufupi. Ukijipakala kila siku mwaka mzima, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya biskuti, inapasuka kwa kitu kidogo, kidonda kinakataa kupona. Waganga wanaoshona wanawake baada ya kuzaa kwa kupasuliwa wanaijua ngozi hii: uzi haushiki. Kwa mutu wa mugodi, ambaye kila siku anakwaruzwa na mawe, kujipakala dawa hii ni kuvua ngozi yake mwenyewe kabla ya kuingia kazini. Na wanaume wasicheke. Tunajua vijana wa shimo wanaojipakala usiku.

Ya tatu ndiyo iliyotushika roho, juu tunaijua vizuri: zebaki, merkiri. Ndugu zetu wanaochimba dhahabu Walikale wanaitumia kila siku. Unaimwaga juu ya mchanga, inashika dhahabu, unachoma, moshi unapanda, dhahabu inabaki. Tumeshasema sana katika kurasa hizi kwamba moshi ule unaharibu mafigo na akili, na usichomwe jikoni. Sasa, zebaki ile ile iko katika sabuni na pomadi fulani za kuchubua. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema madhara yake makubwa ni kwenye mafigo, tena inaleta wasiwasi, huzuni, ganzi ya mikono na miguu, na inapunguza nguvu ya ngozi kupigana na vijidudu. Mtoto anayenyonya na kulala juu ya shingo ya mama anaipata pia.

Ukitaka kuitambua, soma kopo. Linaweza kuandika «mercure», «calomel» au «chlorure de mercure». Mengine hayaandiki kitu, lakini yanakuomba usiguse kwa pete au cheni ya dhahabu na feza. Mama alisoma kopo yake moja mbele yetu, na pale ilikuwa imeandikwa hivyo. Mzee moja wa dhahabu aliyekuwa amekaa nyuma, ambaye alihama kutoka Walikale, alisimama akasema: «Sasa iyi njo ile yetu.» Hakuhitaji mwalimu. Mutu aliyewahi kuona pete ya harusi ikibadilika rangi katika mikono yenye zebaki anajua kwa nini kopo linaogopa dhahabu.

Mapatano ya Minamata, yaliyopewa jina la muji wa Japani ambapo watu walipatwa na sumu ya zebaki, na ugonjwa wao ukajulikana rasmi mwaka 1956, yanakataza zebaki katika vipodozi. Karatasi iko. Sokoni iko kitu kingine.

Kwa hiyo tulirudi kwa mama na majibu mabaya. Mashini ya sindano za moto haikutengenezwa kwa ugonjwa wake. Okronozi ni ngumu hata kwa madaktari wakubwa, na kuchoma ngozi iliyoishiwa nguvu kwa sababu ya klobetazoli ni kuongeza jeraha. Wale waliomutajia dola 450 hawakumuuliza hata mara moja alijipakala nini. Hilo lilitukasirisha kuliko bei. Mutu anayekuuzia dawa bila kuuliza ugonjwa ni sawa na mununuzi anayetaja bei ya koltani kabla ya kuipima.

Kulikuwa na mabishano. Wengine katika komite walisema tusitoe hata franka, kwa kuwa alijiharibu mwenyewe. Tuliwauliza: nani alinunua pomadi? Nani katika mashimo yetu anasema, pesa ikiingia, kwamba anatafuta bibi «mweupe»? Nyimbo, picha, na midomo yetu sisi wanaume vilimupakala kabla ya pomadi. Hatukupatana kabisa, na hata leo kuna papa moja asiyetusalimia.

Tuliamua hivi: kashe haikopeshi pesa ya mashini. Ilitoa pesa ya moto ya kwenda na kurudi, pesa ya kumuona daktari wa ngozi, na ya kupima mukojo na damu juu ya mafigo. Daktari alimwambia asiache pomadi ya klobetazoli kwa siku moja tu ghafla, bali apunguze polepole chini ya macho ya muganga, juu mwili uliozoea dawa hiyo unaweza kuanguka ikikatwa. Alimupa mafuta ya kukinga jua na kofia kubwa. Alimwambia pia ukweli: miezi ya kwanza uso utaonekana mbaya zaidi, na sehemu ya madoa haitatoka.

Mama hakufurahi. Alitarajia picha ile ya telefone. Siku moja alituambia pale mutoni kwamba watu wanamuuliza kama ameungua, na kwamba bwana yake sasa analala akimupa mugongo. Tulimuita bwana yake katika komite. Alikuja akakaa, akatazama chini muda murefu, kisha akauliza kama ile dawa ya jua inapatikana Rubaya au ni lazima kushuka Goma. Tulimwambia ni Goma. Juma lililofuata aliagiza kwa mutu wa moto, akalipa kwa pesa yake.

Makopo ya zamani tuko nayo bado, ndani ya ndoo yenye kifuniko nyuma ya nyumba ya komite. Hatujui pa kuyatupa bila sumu kuingia mutoni.