Dumu Limeandikwa "Haina Kolesteroli". Sasa Je?

Wanachuo wenzangu, ingieni duka lolote karibu na hosteli mtazame madumu ya mafuta ya kupikia. Mengi yameandikwa "haina kolesteroli", na wengi wetu tunaridhika hapo hapo. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayatusaidii. Kolesteroli, au lehemu, tunaipata kwenye vyakula vya wanyama. Mafuta ya mimea karibu hayana kabisa, yawe ya alizeti au ya nazi. Cha kuuliza ni hiki: yakishaingia mwilini yanafanya nini?

Sehemu kubwa ya lehemu iliyo kwenye damu haitoki kwenye sahani. Mwili wenyewe, hasa ini, ndio unaoitengeneza, maana inahitajika kujenga seli na homoni. Husafiri ndani ya vifurushi vidogo. Vile vinavyoitwa LDL vikizidi, huacha lehemu kwenye kuta za mishipa ya damu. HDL husaidia kuirudisha kwenye ini. Ini nalo lina kazi ya kuzoa LDL kutoka kwenye damu, na aina ya mafuta tunayokula ndiyo inayoamua kazi hiyo itafanyika vipi.

Mafuta yanayoganda kukiwa na baridi, kama samli, siagi, nazi na mawese, hupunguza nguvu ya ini kuzoa, kwa hiyo LDL inapanda. Mafuta ya nazi yana zaidi ya asilimia 80 ya aina hii, mawese karibu nusu, alizeti kama asilimia 10 tu. Ukiyabadilisha yanayoganda kwa alizeti, LDL hushuka. Mabaya kupita yote ni mafuta ya transi, ambayo hutokea kiwandani mafuta ya mimea yanapogandishwa nusu kwa hidrojeni: yanapandisha LDL na kushusha HDL kwa mpigo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka yaondolewe kwenye vyakula duniani kote.

Mama yangu mdogo alipopimwa akaambiwa lehemu iko juu, aliacha mayai siku hiyo hiyo. Wali wa nazi ukabaki pale pale, kila siku. Kweli, kiini cha yai kina lehemu, karibu miligramu 200, lakini kwa watu wengi mafuta yanayoganda ndiyo yanayopandisha LDL zaidi. Nilipomwambia akanijibu, "Nazi nimekulia, wewe umesoma juzi." Tukapatana: nazi Jumapili, siku nyingine alizeti.

Nasi tufanye hivyo hivyo bumu likiingia. Usihangaike na maandishi makubwa ya mbele. Geuza dumu, soma mafuta yametokana na mmea gani. Na usipunguze mafuta halafu ukafidia kwa soda na mkate mweupe, moyo hautapata faida. Lehemu ikizidi haiumi wala haiwashi. Wengi hujua siku mshipa umeziba.