Kuifanya roboti ijue ilipo: ajira ipo, ila soko linayumba

Helikopta ndogo ya NASA, Ingenuity, ilipelekwa sayari ya Mars ikitarajiwa kuruka mara 5. Iliruka mara 72. Safari ya mwisho, 18 Januari 2024, ilitua vibaya na mapanga yake yakavunjika. Wachunguzi wanaamini kamera yake ilikosa alama za kufuata, maana chini kulikuwa na mchanga mtupu.

Mars hakuna GPS. Lakini hata duniani, ndani ya ghala au mgodini, GPS haisaidii kitu. Hapo ndipo anapotafutwa mtaalamu wa kuiwezesha roboti kujua ilipo kwa kutumia kamera na vihisi vingine.

Waajiri ni kampuni za magari yanayojiendesha, droni, roboti za maghala, matrekta, hata vifagio vya umeme vinavyojiongoza sebuleni.

Ila usidanganyike, kibarua kinaweza kuota nyasi ghafla. Oktoba 2022 Argo AI, iliyofadhiliwa na Ford na Volkswagen, ilifungwa. Desemba 2024 General Motors ikatangaza kuacha kugharamia teksi za Cruise. Habari njema ni kwamba ujuzi wenyewe unahama. Waanzilishi wa Argo walirudi 2023 na Stack AV, kampuni ya malori yanayojiendesha. Hesabu inayoiongoza teksi ndiyo hiyo hiyo inayoongoza lori au droni.

Na hesabu ndiyo inayowachuja waombaji. Wanaoweza kufundisha kompyuta kutofautisha paka na mbwa wako wengi. Wanaoelewa matriki, nadharia ya uwezekano na kichujio cha Kalman cha mwaka 1960, kisha wakaviandika kwa lugha ya C++ na vikafanya kazi kwenye roboti halisi, hao si wengi kihivyo.

Kwa kijana wa Afrika Mashariki, Carnegie Mellon ina tawi Kigali linalotoa shahada za uzamili za uhandisi. Lakini kuanza hakuhitaji ada. ORB-SLAM, programu ya Chuo Kikuu cha Zaragoza, Hispania, inapatikana bure mtandaoni. Weka vipimo sahihi vya lenzi ya kamera yako, tembea nayo ukirekodi kuzunguka nyumba, rudi pale pale ulipoanzia. Kisha angalia programu inadhani umefika wapi.