Seminari ya Kisiwani, Ziwa Morar

Ziwa Morar la Uskoti lina kina cha mita 310. Uingereza nzima hakuna lenye kina zaidi. Maji yake ni maangavu lakini hayana chakula kingi, hivyo wavuvi huambulia trauti wachache, na samoni wanaopanda kutoka baharini. Wazee walisimulia habari za Mòrag, kiumbe wa majini aliyeonekana mtu alipokaribia kufa. Mwaka 1969 wanaume wawili walidai aligonga mashua yao.

Kwetu waseminari, kikubwa zaidi ni kisiwa chake cha Eilean Bàn. Mwaka 1714, sheria ikikataza elimu ya Kikatoliki, Askofu James Gordon alifungua humo seminari. Uasi wa 1715 ukaifunga. Mwanafunzi wake mmoja, Hugh MacDonald, alipewa upadre mwaka 1725, akawa Askofu mwaka 1731.