Kutoka Sekondari hadi Politekniki: Nafasi ya Mwanafunzi wa Lubumbashi

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kila mwenye diploma ya Serikali, ile inayotolewa mwishoni mwa sekondari, anaruhusiwa kuomba masomo ya chuo kikuu. Kwa sheria, basi, mlango uko wazi. Mjini Lubumbashi, hata hivyo, milango haifanani. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, fakulte za lugha na fasihi au za sayansi za jamii hupokea karibu kila anayefika na faili kamili na pesa ya kujiandikisha. Fakulte ya Politekniki, inayofundisha wahandisi wa migodi, metallurgia, umeme na mitambo, na ile ya Udaktari, ni habari nyingine. Huko waombaji ni wengi, viti ni vichache, na diploma peke yake haimwingizi mtu.

Nafasi ya mwanafunzi mbele ya milango hiyo miwili hupimwa mara nyingi kwa tarakimu moja, yaani asilimia aliyopata katika Mtihani wa Serikali, ambao nchi nzima huuita Exetat. Tarakimu hiyo ina uzito, lakini inasifiwa kupita kiasi. Sehemu kubwa ya nafasi hiyo huamuliwa miaka minne kabla ya Exetat, siku familia inapomchagulia mtoto mchepuo. Sehemu nyingine huamuliwa baada ya kuingia, katika mwaka wa kwanza wa fakulte. Asilimia ya Exetat iko katikati ya nyakati hizo mbili.

Uchache wa nafasi una historia ndefu katika mji huu. Chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1955, mji ukingali unaitwa Elisabethville, kama Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, na masomo yakaanza 1956. Wanafunzi wengi wa kwanza walikuwa watoto wa Wazungu. Waafrika walikuwa wachache, kwa kuwa shule zilizowekwa kwa ajili yao hazikuwa zikiwafikisha katika kiwango kilichodaiwa na chuo. Mwaka huohuo wa 1956 Thomas Kanza alihitimu Louvain, Ubelgiji, na huhesabiwa kuwa Mkongo wa kwanza asiye padri kupata shahada ya chuo kikuu. Uhuru ulipofika Juni 1960, Wakongo wenye shahada hawakuzidi thelathini katika nchi nzima. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, ikagawa fakulte kati ya miji hiyo mitatu. Katika miaka hiyo nafasi ziligawanywa pia kwa mikoa, ili mikoa iliyotangulia kwa shule isijaze viti vyote. Mwaka 1981 Lubumbashi ilirudishiwa chuo chake, na mgao wa mikoa haupo tena. Kilichobaki ni ushindani wa wazi, ambamo shule aliyosoma mtoto inafanya kazi kubwa kuliko mahali alipozaliwa.

Safari ya mtoto wa leo huanza na miaka sita ya msingi. Hufuata miaka miwili, ya saba na ya nane, kisha miaka minne ya sekondari ya juu, inayoitwa umanite. Mwanzoni mwa umanite ndipo anapochagua mchepuo: sayansi, Kilatini na falsafa, ualimu, biashara na usimamizi, au mojawapo ya michepuo ya ufundi kama umeme na mekanika. Wakati huo ana umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Mara nyingi uchaguzi hufuata sababu ambazo hazihusiani na akili yake: shule iliyo karibu na nyumbani ina mchepuo gani, karo yake ni kiasi gani, kaka yake alisoma nini.

Diploma ya mchepuo wowote ni diploma halali, wala hakuna sheria inayomkataza mhitimu wa biashara kuomba Politekniki. Lakini mtihani wa kuingia Politekniki hupima hisabati kwanza kabisa, na mwenzake wa mchepuo wa sayansi amekuwa akiifanya kwa saa nyingi kila wiki kwa miaka minne. Ndivyo ilivyo kwa Udaktari, ambako hupimwa kemia na biolojia. Aliyesoma ualimu anaweza kuzifidia saa hizo, na wapo waliofaulu kufanya hivyo, lakini kwa kawaida hupoteza mwaka mzima akijifunza upya kile ambacho wengine walikwisha kukizoea. Mzazi anayetaka mtoto awe mhandisi, halafu akamwandikisha mchepuo wa biashara kwa sababu shule yake ni ya jirani, amempunguzia nafasi kabla hajafika darasa la mwisho. Hili halielezwi vya kutosha kwa familia za komuni za mji kama Kenya, Katuba na Kamalondo, na lingefaa kuelezwa mtoto akiwa bado katika mwaka wa nane.

Tofauti za shule huonekana hapohapo. Mjini kuna shule zenye jina la miaka mingi: Imara na Salama za Wasalesiani, lise za wasichana kama Tuendelee na Wema, na shule zilizojengwa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Sifa yao imetokana na walimu wanaokaa, maabara ambamo mwanafunzi anagusa vifaa kwa mikono yake, na nidhamu ya mazoezi. Katika shule nyingi za pembezoni kemia hufundishwa ubaoni tu, mwanzo hadi mwisho. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali hailipiwi. Sekondari ilibaki mzigo wa wazazi, ambao tangu misukosuko ya miaka ya 1990 wamekuwa wakichangia hata malipo ya walimu. Kwa hiyo shule nzuri ni ya mwenye uwezo wa kuilipia, au ya mtoto aliyebahatika kupata msaada wa parokia au wa ndugu.

Exetat yenyewe ina sehemu mbili. Kwanza huja majaribio ya kabla ya kipindi cha kawaida, yakiwemo insha ya Kifaransa na, kwa michepuo ya ufundi, kazi za vitendo. Baadaye huja siku nne za mtihani mkuu: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya mchepuo. Maswali ya siku hizo ni ya kuchagua jibu, na majibu husahihishwa kwa mashine. Anayepata asilimia 50 amefaulu. Hata mtu aliyeacha shule zamani anaweza kujiandikisha kama mtahiniwa aliyejisomea mwenyewe. Matokeo yanapotangazwa mji mzima hujua. Unga mweupe hutupwa vichwani mwa waliofaulu, na magari hupiga honi hadi usiku.

Furaha hiyo ni halali, lakini kwa fakulte zinazogombaniwa asilimia hizo zina kasoro mbili. Kwanza, wengi hufaulu wakiwa wamebanana kati ya 50 na 60, na ndani ya kundi hilo tofauti ya pointi mbili tatu haimwelezi mtahini ni nani atakayeweza hesabu za uhandisi. Pili, kuna udanganyifu. Majibu yanayopitishwa kwa simu na vituo vinavyofumba macho ni malalamiko ya kila mwaka, na yamewaumiza zaidi wanafunzi waliosoma kwa jasho, kwa kuwa asilimia 75 ya haki na asilimia 75 ya kununua huandikwa kwa wino uleule. Chuo kinachojali kiwango chake hulazimika kupima tena.

Hapo ndipo konkuru inapoingia, yaani mtihani wa kuingilia unaoandaliwa na fakulte yenyewe kwa kufuata maelekezo ambayo wizara ya elimu ya juu hutoa kila mwaka. Konkuru haifanani na Exetat. Mtahiniwa haoni majibu ya kuchagua, ana karatasi tupu na swali linalotaka hatua zote zionekane. Mwanafunzi aliyezoea kubahatisha jibu hupotea hapo, hata akiwa na asilimia nzuri. Aliyefundishwa kuthibitisha anachoandika hupumua, hata kama Exetat yake ilikuwa 62. Ndiyo sababu katika likizo ndefu, kati ya matokeo na mwanzo wa mwaka wa chuo, huanza masomo ya maandalizi mjini, mengi yakiongozwa na wanafunzi wakubwa wa Politekniki wenyewe. Wiki hizo husaidia sana kumzoesha mtu aina ya maswali, ila mwenye pengo la miaka minne ya aljebra hatalijaza kwa wiki hizo.

Kifaransa ni sehemu ya mtihani hata pale ambapo hakitajwi. Mtoto wa Lubumbashi huongea Kiswahili nyumbani, sokoni na uwanjani, lakini swali la fizikia huja kwa Kifaransa chenye sentensi ndefu. Wengi hukosea kabla ya kuanza kuhesabu, kwa kutoelewa walichoulizwa. Anayesoma vitabu kwa Kifaransa kila siku, hata riwaya tu, anajitayarishia konkuru ya hisabati.

Mvuto wa Politekniki unatokana na udongo wa Katanga, wenye madini. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, ikataifishwa 1967 na baadaye ikawa Gécamines. Sheria ya migodi ya 2002 ilileta makampuni mengi ya kigeni, na leo Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Mhandisi mchanga anayepata kazi katika migodi ya Kolwezi au Fungurume hulisha ukoo mzima. Matumaini hayo huwavuta hata wasiopenda hisabati, na hao ndio wengi wanaorudishwa mwanzoni. Wasichana bado ni wachache katika madarasa ya uhandisi, kwa sababu huelekezwa mapema kwenye biashara na ualimu. Uganda ililitazama tatizo la namna hiyo mwaka 1990, pale Makerere ilipoanza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika hesabu ya kuingia. Lubumbashi haiongezi pointi, kwa hiyo jambo hilo liko mikononi mwa shule na wazazi wanaoamua mchepuo.

Mpango wa nchi ya Kenya unaonyesha tofauti nyingine. Huko shirika moja la taifa, KUCCPS, hukusanya machaguo ya wanafunzi wote na kuwapangia vyuo kwa alama zao. Kongo haina kapu moja la namna hiyo: kila mwombaji hubeba faili lake hadi chuoni, lenye nakala ya diploma au uthibitisho wa kufaulu, ripoti za shule za miaka ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya na picha. Karatasi moja ikikosekana, faili hukwama. Watoto wa miji ya mbali kama Kasenga au Pweto, wanaofika Lubumbashi wakiwa wamechelewa, huumia zaidi, kwa kuwa safari ya kurudi kutafuta cheti hugharimu kuliko cheti chenyewe.

Pesa huja mara nyingi: pesa ya kujiandikisha, kisha ada ya mwaka inayolipwa kwa awamu, nauli, nakala za masomo, na nyumba kwa asiye na ndugu mjini. Mikopo ya serikali kama ile ya HESLB nchini Tanzania haipo. Ufadhili upo kwa wachache. Mpango wa Excellentia wa Wakfu wa Denise Nyakeru Tshisekedi huwachukua waliong'ara katika Exetat, na BEBUC, iliyoanzishwa na profesa wa kemia wa Würzburg Gerhard Bringmann, huwasaidia wanafunzi bora wa vyuo vya Kongo.

Aliyeingia bado hajachaguliwa kwa kweli. Mwaka wa kwanza wa Udaktari au Politekniki ndio chujio kali kuliko konkuru. Kwa mfumo wa zamani, aliyeshindwa alirudia mwaka, na akishindwa tena aliandikiwa NAF, herufi tatu zinazomaanisha kwamba hakubaliki tena katika tawi hilo. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), ulioanza kuenezwa mwaka wa masomo 2021-2022, umegawa mwaka katika krediti 60, na anayekosa baadhi anaweza kuendelea akiwa na deni. Mlango umelegezwa, lakini kiasi cha masomo hakikupungua. Wanaovuka ni wale wanaosoma kila siku tangu juma la kwanza na wenye kundi la wenzao la mazoezi, kwa kuwa ukumbi uliojaa haumwachii mwalimu nafasi ya kumfuata mmoja mmoja.

Anayekosa Politekniki ya UNILU hajamaliza njia. Vyuo vikuu vya Likasi na Kolwezi, vilivyozaliwa na matawi ya UNILU, vina watu wachache zaidi na viko karibu na migodi. Anayependa kompyuta ana ESIS ya Wasalesiani. Wenye uwezo zaidi hutazama Chuo Kikuu cha Nouveaux Horizons, au huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia na Afrika Kusini, ambako Kiingereza na utambuzi wa diploma hutangulia kila kitu. Anayetaka kutibu watu anaweza kuanza na taasisi ya juu ya ufundi wa tiba, ISTM, inayofundisha wauguzi na mafundi wa maabara ambao hospitali ya Sendwe na vituo vya afya vya mitaa vinawahitaji kila siku. Na anayetaka kurudia konkuru mwaka unaofuata anaruhusiwa. Wengi wa wanaofaulu mara ya pili ni wale waliotumia mwaka huo kurudi kwenye vitabu vya mwaka wa tatu na wa nne wa umanite, wakaanza na sura walizozikimbia.