Kuondoa weusi wa nywele nyumbani: shika kipimo mbele ya kushika dawa



Siku ya posho moja, jioni, hapa kwetu Bel-Air, mudogo yangu aliniita toka ku bafu ya lupango: « Yaya, kuya mbio! Mayi imekatika! » Kichwa yote ilikuwa imepakwa unga ya kuondoa rangi, robine haitoe kitu, na bidon zote mutupu. Tukakimbia kuomba mayi kwa jirani. Mpaka tunarudi, dawa ilikuwa imepitisha saa nzima. Kesho yake alipopitisha kichana, nywele ikabaki mu kichana. Na siku ya kwanza alikuwa anaanza stage. Alienda na kitambaa kichwani, macho chini.

Mimi nilisoma agronomia, sikusomea saloni. Lakini siku ile nilisoma makaratasi ya ile boksi, nikaona ni mambo tunayojua: pH, dozi, muda. Alikosa paka kipimo.

Ndani ya nywele kunapita nini?

Nywele imejengwa na protini inayoitwa keratini. Inje iko na magamba madogo madogo, yamepangwa kama malata ya nyumba. Weusi unakaa ndani, chini ya magamba. Jina lake melanini. Kwa kuifikia, dawa inapashwa kwanza kufungua magamba. Hiyo ni kazi ya amonia, ile harufu ya kuchoma pua, ndugu ya harufu ya ure tunayoacha juu ya udongo bila kufunika. Kisha mayi ya oksijene inaingia na kuvunja melanini.

Shida ni kwamba mayi ya oksijene haichague. Ikivunja melanini, inavunja pia vifungo vinavyoshika keratini. Kwa hiyo yule anayekuambia kuna dawa ya kuondoa weusi bila kuumiza hata kidogo, anakudanganya. Unachoweza kuchagua ni kuumiza kidogo ao kuumiza sana.

Na nywele yetu ya kujikunja iko na mambo yake. Mafuta ya kichwa inafika kwa shida ku ncha, na kila mahali inapojikunja ni mahali inaweza kukatika. Kama uliweka defrizanti, vifungo vimekwisha kuvunjwa mara moja. Kuongeza unga juu yake ni kulima mara mbili udongo umechoka. Mudogo yangu alikuwa ameweka defrizanti juma moja tu mbele. Njo ile ilimaliza nywele, kupita hata mayi kukatika. Nywele ya defrizanti, usiifanyie nyumbani.

Namba ya ku chupa

Volimi 10 ni mayi ya oksijene ya 3%, volimi 20 ni 6%, volimi 30 ni 9%, volimi 40 ni 12%. Wengi wanachukua 40 juu wanataka mbio. Nyumbani usipite 20. Itaenda pole pole, lakini utakuwa na wakati wa kusimamisha.

Ujue pia njia ya rangi: nywele nyeusi inakuwa kahawia, kisha nyekundu, kisha rangi ya machungwa, mwisho manjano. Ukisimama ku kahawia, nywele ingali na nguvu. Wale wanaotaka manjano siku moja njo wanabaki na kitambaa.

Sasa fanya hivi

1. Jaza bidon mbili za litri 20 mbele ya kufungua boksi. Hapa kwetu hiyo ni sheria ya kwanza.
2. Masaa 48 mbele, jaribu dawa kidogo ku ngozi nyuma ya sikio, vile karatasi ya boksi inasema. Ikiwasha ao ikivimba, acha.
3. Jaribu pia ku kashungi kamoja ka nyuma, kale hakaonekane. Ni kama parcelle ya majaribio: hakuna agronome anamwaga mbolea mpya mu shamba yote siku ya kwanza. Kesho yake kavute. Kakikatika, umepata jibu.
4. Usifue kichwa siku mbili mbele; mafuta yake inalinda ngozi. Usiku, pakaa mafuta ya nazi ku nywele: inapunguza protini inayopotea.
5. Tumia bakuli na kijiko cha plastiki, vaa ganti, fungua dirisha. Chuma inaharakisha dawa kuvunjika. Hata shaba kidogo inayotoka mu tuyo ao mu mayi ya kisima na kushikamana na nywele inaongeza ukali, na sisi tunaishi mu inchi ya shaba.
6. Acha sentimita 1 toka ku ngozi. Angalia kila dakika 5. Muda wa boksi ukifika, toa, hata kama rangi haijakupendeza. Usiweke moto wa seshwari.
7. Suuza na mayi mingi, kisha weka masque. Usirudilie mbele ya majuma machache kupita.

Na vitu vya jikoni?

Javel, hapana kabisa! Inakula keratini na kuchoma ngozi, na ikikutana na amonia inatoa moshi ya sumu. Ndimu na jua haifanye kitu kikubwa ku nywele nyeusi, inakausha tu. Asali, ndiyo, ukiichanganya na mayi inatengeneza mayi ya oksijene, juu nyuki anatia enzime ndani yake. Lakini ni kidogo sana. Asali yetu ya pori ni afazali uikule.

Kama unataka rangi kwa siku ya kolasio ao ndoa, suka meshi ya rangi. Siku ikipita, unafungua, nywele yako ingali pale.

Mudogo yangu alikata yote. Nywele inaongezeka karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo mwaka mzima ulipita mbele ya kusuka tena vile anapenda. Ku stage walimuzoea na kichwa kifupi. Leo rafiki zake wakija kuomba shauri ya rangi, anawauliza swali moja tu: « Bidon zimejaa? »