"Weka ile pale": kuambia kompyuta kwa mdomo na kwa mkono



Ukitoka masomo, simama kidogo mahali fundi anatengeneza chukudu. Sikiliza: "Kata hapa. Apana, si pale, hapa! Hii ipinde hivi. Ile weka juu yake." Ukifunga macho hauelewi kitu. Ukiziba masikio na kuangalia mikono tu, hauelewi vilevile. Lakini kijana anayejifunza kazi anaelewa yote, kwa sababu anapokea sauti na mkono pamoja.

Wengi wetu tunatamani kusoma ujenzi, na siku hizi nyumba ao daraja huchorwa kwanza ndani ya kompyuta. Hapo ndipo taabu inaanza. Kitu chochote kina vipimo vitatu: urefu, upana na kimo. Lakini kioo cha kompyuta ni bapa kama ubao wa darasa, na kipanya (sisi tunasema suri) kinatembea juu ya meza tu, mbele na nyuma, kuume na kushoto. Hakipandi! Ukichora chukudu na kutaka kuinua usukani wake, lazima ugeuze picha, ufinye kitufe, usogeze, ugeuze tena. Mtu anasahau hata kile alichotaka kutengeneza.

Wataalamu waliliona mapema. Mwaka 1963, kule Marekani kwenye chuo cha MIT, Ivan Sutherland alionyesha programu ya Sketchpad: mtu alichora juu ya kioo kwa kalamu ya mwanga, na mkono mwingine ulifinya vitufe. Mwaka ule ule Timothy Johnson aliiendeleza kwa vitu vya vipimo vitatu. Lakini mashine ilikuwa bado kiziwi.

Mwaka 1980, MIT tena, Richard Bolt alikalisha mtu kwenye kiti mbele ya ukuta wenye picha, na kwenye kiwiko cha kiganja akamfunga kifaa cha kupima mkono unaelekea wapi. Mtu alinyoosha mkono, akasema kwa Kiingereza: "Weka ile pale." Mashine ikaweka. Maneno "ile" na "pale" yakiwa peke yake ni matupu. Mkono ndio uliyajaza. Nao mkono peke yake hausemi kama kitu kisogezwe ao kifutwe. Hiyo ni kazi ya mdomo. Maumbo yale yalikuwa bapa tu, lakini njia ilifunguka, na baadaye wengine wakaipitia kwa vitu vyenye kimo.

Kuna faida nyingine, na mimi naona ndiyo kubwa. Katika makelele ya misumeno fundi anasema "nne", mashine inasikia "nane". Kama vidole vine vimesimama, mashine inaweza kulinganisha na kujisahihisha. Sharon Oviatt alipima jambo la namna hii mwaka 1999, kwa sauti na kalamu, akakuta msaada ni mkubwa zaidi kwa watu wanaosema Kiingereza kwa lafudhi ya kigeni. Yaani watu kama sisi kabisa.

Shida hazikosi. Kushika mikono hewani muda mrefu kunachokesha mabega, na wenye kazi hiyo wanaita uchovu huo "mkono wa gorila". (Majirani zetu wa Virunga wangecheka.) Tena mashine zilizoeza masikio yao kwa lugha kubwa kwanza. Mradi wa Mozilla uitwao Common Voice unakusanya sauti za Kiswahili pia, watu wakisoma sentensi kwa sauti yao wenyewe. Ni vizuri, lakini fundi wetu hasomi sentensi. Anasema "apana", anasema "ipinde kidogo tu". Na usukani ukipindwa vibaya, mzigo wa viazi unaanguka kwenye mteremko pamoja na mwenyewe. "Kidogo tu" ni sentimita ngapi? Ukimuuliza hatakutajia hesabu. Atakuonyesha kwa vidole viwili.