Bomba la Bajaji na Baridi ya Kusi

Kusi linapovuma, tangu mwezi wa Juni hata Agosti, mji wa Mtwara hubadili mavazi. Alfajiri, pale Shangani na Mikindani, na kule nje kwenye njia ya Msimbati na Kilambo, utawaona madereva wa bajaji na wa maguta, yale mapikipiki ya mizigo yenye magurudumu matatu, wamejigubika makoti mazito ya mitumba. Wengine wameyavaa kinyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani na zipu ikiwa mgongoni. Mgeni atokaye Makete au Njombe, akizoea umande unaoganda majanini, atacheka, maana kipimajoto cha pwani yetu ni nadra kushuka chini ya nyuzi 18. Sisi hatucheki. Mtu aketiye barazani na mtu akataye upepo kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hawamo katika hewa moja, ijapokuwa wamo katika mji mmoja. Na huyo wa pili huenda nguo zake zimekwisha kulowa kwa ukungu wa mikoko kabla jua halijachomoza.

Katika miezi hiyo madereva wetu hufanya mambo mawili ambayo watu huyatazama kana kwamba hayahusiani. La kwanza ni kulitengeneza upya bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi. La pili ni kushusha maturubai ya ubavuni ili kuzuia upepo. Twasema kwamba mambo haya ni ndugu, na wakati mwingine ni ndugu wabaya.

Tuanze na bomba. Wapo vijana wengi, hasa waliokabidhiwa guta jipya, ambao safari yao ya kwanza ni kwa mchomeleaji, ili aipasue sailensa, atoe vyumba vyake vya ndani, au alikate bomba lote na kubandika kipande kifupi kilicho wazi. Wakiulizwa sababu hujibu kwamba sasa injini inapumua, na kwamba chombo kimeongezeka nguvu. Jawabu hilo si la kipuuzi. Katika vyombo vya mashindano mabomba hubadilishwa kweli, na nguvu huongezeka kweli. Lakini huko bomba hubadilishwa pamoja na marekebisho ya kabureta, kwa vipimo, na kwa ajili ya injini inayozungushwa mbio muda wote. Guta la Tandahimba halishindani na mtu. Kazi yake ni kuvuta mifuko polepole katika mchanga.

Kila mara valvu ya kutolea moshi inapofunguka, moshi hutoka kwa kishindo na kukimbilia mwisho wa bomba, na nyuma yake huacha upungufu wa hewa unaosaidia kufagia moshi uliobaki ndani ya silinda. Urefu na upana wa bomba vimepimwa ili ufagio huo ufike kwa wakati wake, injini ikiwa katika mzunguko wa kazi yake ya kila siku. Ukilikata bomba, wakati huo hupotea, na nguvu hupungua pale pale inapohitajiwa, yaani chombo kinapoondoka na mzigo au kinapopanda mwinuko. Tena, hewa ikipita kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa na petroli ikabaki ile ile, mchanganyiko hukosa mafuta, moto wake huwa mkali, na valvu huungua. Kijana hushuka gia mpaka ya kwanza huku mlio wake ukisikika kijiji cha pili, naye akiamini kwamba ule mlio ndio nguvu.

Mlio huo una watu wake wa kuulipia. Wagonjwa katika wodi za Ligula huulipia usiku, na watoto madarasani huulipia mchana. Lakini aulipiaye kuliko wote ni dereva mwenyewe, kwa kuwa sikio lake liko karibu kuliko ya wote. Wataalamu wa afya za wafanyakazi wameweka kiasi cha desibeli 85 kwa saa nane kuwa ndio mpaka, na bomba lililo wazi huuvuka mpaka huo bila shida. Sikio linalokufa kwa makelele halitoi damu wala halina maumivu, na halitibiki. Wengine hudai kwamba makelele huwalinda, ati watembea kwa miguu huwasikia mapema. Dai hili twalisikiliza kwa heshima, ila sauti ya bomba huelekea nyuma, na mtu wa kugongwa yuko mbele. Taa inayowaka na honi inayolia vinamfaa zaidi.

Je, basi bomba lisiguswe? La. Pwani ya Ruvuma ina sababu yake ya haki ya kubadilisha mabomba, nayo ni kutu. Chumvi ya bahari hulila bomba kwa nje, na maji hulila kwa ndani. Msomaji asishangae tukisema maji: lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, yakiwa katika hali ya mvuke. Chombo kinachokwenda safari ndefu hulipasha bomba moto wa kutosha, na mvuke wote hutoka. Bajaji ya mjini, itokayo sokoni kwenda Chikongola na kusimama, kisha ikaenda bandarini na kusimama tena, haifiki joto hilo, na asubuhi ya kipupwe ndiyo mbaya kuliko zote. Mvuke hugeuka maji ndani ya sailensa, ukakaa humo pamoja na masizi, ukatoboa. Kwa hiyo bajaji isiyofika popote huweza kuoza bomba mapema kuliko ile iendayo mbali kila siku.

Atakaye kuliboresha bomba lake, basi, na aboreshe hivi. Atafute bati lililo nene kuliko la kwanza, au chuma kisichoshika kutu iwapo mfuko unaruhusu, lakini kwa urefu na upana ule ule. Gasketi ya pale bomba linapokutana na injini iwe mpya, wala isiwe ile ya zamani iliyogeuzwa upande. Raba zinazolishika bomba zikazwe, kwa kuwa bomba linalotikisika katika mashimo ya njia ya Kilambo hukatika kwenye kiungo. Tundu dogo litobolewe mahali pa chini kabisa pa sailensa, mwisho wake, ili maji yapate kushuka. Na mdomo wa bomba utokeze nyuma kabisa, nje ya bodi, usiishie chini ya kiti.

Hapo kwenye kiti ndipo lilipo jambo lililotufanya tuandike. Injini ya bajaji iko nyuma, chini ya abiria. Bomba likitoboka au gasketi ikiungua, moshi hutoka chini ya miguu ya mama aliyebeba mtoto. Siku za joto mbavu za bajaji huwa wazi na upepo huuchukua moshi wote. Lakini katika kusi, dereva akijihurumia na akiwahurumia abiria wake, hushusha maturubai pande zote na kuyafunga kwa kamba. Sasa chombo kimekuwa chumba. Tena ni chumba kinachovuta moshi, kwa sababu nyuma ya chombo kinachokwenda huwa pana upungufu wa hewa, na moshi uliotoka hurudishwa ndani kupitia kila upenyo.

Ndani ya moshi huo imo hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ni ile ile iuayo watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, habari ambayo kila mwaka tunaisoma na kila mwaka tunaisahau. Damu huipokea hewa hiyo kwa urahisi zaidi ya mara mia mbili kuliko inavyoipokea oksijeni, na ikisha kuipokea haiiachi upesi. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea kwa viungo. Mtu wa Mtwara akiona dalili hizo, atasema nini? Atasema ni malaria. Ataenda dukani kununua dawa, apumzike siku moja nje ya chombo, ajisikie vizuri, na kuisifu dawa. Kesho atarudi katika moshi ule ule. Dereva ambaye kichwa humwuma kila jioni ya kazi na kupona kila Jumapili asiishie dukani. Apimwe damu, na bajaji yake ipimwe bomba.

Kulipima si kazi ngumu. Asubuhi, bomba likiwa bado baridi, liwashwe, na mtu mwingine azibe mdomo wake kwa kitambaa kizito kwa nukta chache. Bomba zima hupambana, na injini hutaka kuzima. Bomba bovu litafoka mahali lilipotoboka, na masizi meusi yataonyesha njia. Turubai nalo lisifungwe pande zote. La mbele ya upepo lishushwe, la upande wa pili liachwe wazi kiasi cha viganja viwili au zaidi, na chombo kikiwa na bomba bovu yasishushwe kabisa mpaka litengenezwe.

Ama kuhusu joto la mwili, madereva wenyewe wamegundua mengi bila kufundishwa. Koti lililovaliwa kinyume ni hekima, kwa kuwa upepo huingia kwenye zipu. Gazeti lililokwisha kusomwa, likikunjwa na kuwekwa kifuani chini ya shati, huzuia upepo vizuri sana, na hatutaona vibaya likiwa ni hili. Lakini kosa moja twaliona kila mahali: mtu amevaa makoti mawili na mikono i mitupu. Vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kufanya kazi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kuchelewa kwa nusu nukta ni kusogea mita saba, na mita saba ni upana wa barabara nzima. Glavu zitangulie koti. Wale wanaojipasha moto kwa gongo wajue kwamba pombe huita damu ije kwenye ngozi. Mtu huona joto, kumbe joto ndilo linalotoka. Uji na chai ya tangawizi hufanya kazi bora. Na wanaosema kwamba upepo wa kifuani ndio uletao nimonia, twawajibu kwamba nimonia huletwa na vijidudu. Upepo huchosha, na huko kuchoka kwatosha kuwa hatari.

Limebaki swali la nani alipe. Madereva wengi si wenye vyombo. Hupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na kilichobaki ndicho chao. Katika makubaliano mengi petroli ni ya dereva na injini ni ya tajiri, lakini bomba halikutajwa, basi huachwa litoboke, kila mmoja akimngoja mwenzake. Kwa maoni yetu bomba ni sehemu ya injini, na aipokeaye hesabu alitengeneze. Alilikata dereva kwa kupenda mlio, hapo alipe mwenyewe. Jambo hilo liandikwe katika mkataba siku ya kwanza.

Glavu na makoti ni mzigo mwepesi zaidi iwapo utabebwa na wengi. Katika mkoa huu kila mkulima anajua kwamba baridi hii hii, ya usiku wa Juni na Julai, ndiyo iletayo ubwiriunga katika mikorosho, na kwa ajili hiyo salfa huagizwa mapema kwa njia ya ushirika na kufika vijijini kabla ya ugonjwa. Tena mara nyingi huletwa na haya maguta. Vijiwe vya bajaji vina viongozi, vina daftari na vina michango ya misiba. Vikichanga mwezi wa Machi, glavu zinaweza kununuliwa kwa jumla mwezi wa Aprili, kabla kusi halijashika, na gasketi moja ya akiba ikawekwa chini ya kiti cha kila chombo.